PC yako imegoma kuwaka baada ya kubadilisha kifaa? Anza hapa kabla hujanunua kingine

Wadau habari zenu. Naandika nikiwa Ngarenaro hapa Arusha, na nimeamua kuandika kwa sababu ndani ya muda mfupi nimepigiwa simu na watu wanne na hadithi yao ni ile ile: mashine ilikuwa inapiga kazi vizuri, mtu kanunua GPU (kadi ya picha) au RAM au prosesa, kaipachika mwenyewe, kabonyeza kitufe, kimya. Mmoja wao kabla hajanipigia alikuwa ameshanunua pawa saplai nyingine na RAM nyingine, hela ambayo hakuwa na sababu ya kuitoa hata shilingi, na kwa kweli iliniuma.

Shika hili moja. Kama PC ilikuwa inawaka asubuhi na mchana wewe ukaifungua, basi tatizo liko pale mkono wako ulipopita. Kifaa kipya kuwa kibovu inatokea, hasa cha mtumba, ila mara nyingi zaidi ni kitu hakijakaa sawasawa, au waya umesahaulika, au kifaa kipya na madabodi yako (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) havijuani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudisha cha zamani na kuwasha. Ikiwaka, umeshajua utafute upande gani. Isipowaka hata na cha zamani usikimbilie kusema bodi imekufa, kuna kitu ulikigusa njiani, na huko chini nitawapa mfano wa dada mmoja wa Moshi ambao ulinifundisha hilo vizuri sana.

Kabla hujashika chochote zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 ili umeme uliobaki ndani uishe. Na sisi wa Arusha mwezi wa sita na wa saba tunashinda na masweta, sweta la sufu likijisugua linakusanya umeme tuli, wewe husikii kitu lakini RAM inasikia. Vua, gusa chuma tupu cha kesi, na uendelee kukigusa kila baada ya dakika chache.

Haiwaki kabisa, hata feni haitikisiki

Kagua vitu vidogo na usivione vidogo: swichi ya soketi ukutani, ekstensheni, na ile swichi ya nyuma yenye I na O ambayo uliizima mwenyewe kwa usalama. Pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230, huku kwetu iwe 230 tu, ukichomeka ikiwa 115 utasikia mlipuko na hapo hakuna cha kutafuta tena.

Halafu angalia kama kuna kitaa kinachowaka kwenye madabodi. Bodi nyingi zinacho, kinawaka hata PC ikiwa imezimwa, kwa sababu pawa saplai ikishachomekwa inatoa volti 5 muda wote ili kitufe kiwe na umeme wa kufanyia kazi. Kama kitaa kinawaka basi umeme unafika, hamia kwenye kitufe chenyewe. Vile viwaya vyembamba vinavyotoka mbele ya kesi kwenda kona ya chini ya bodi ni vilegevu mno, na ukiingiza GPU ndefu mkono unapita palepale, kinatoka kimoja bila wewe kujua. Cha kufanya, chomoa kiwaya cha kitufe, tafuta zile pini mbili zilizoandikwa PWR_SW au PWRBTN, ziguse zote mbili kwa pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, PC yako ni nzima, ulikuwa unapigana na kiwaya.

Kama hata kitaa hakuna, bana tena ile konekta kubwa ya pini 24. Ile inataka nguvu, mpaka kile kibanio chake kishike, na ukiwa unasukuma weka mkono mwingine chini ya ukingo wa bodi isipinde. Bado? Pima pawa saplai peke yake: chomoa konekta zake zote kutoka kwenye kila kifaa, iwe imezimwa, chukua kipande cha waya au klipu ya karatasi, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwenye ile konekta ya pini 24, halafu washa swichi ya nyuma. Feni ikizunguka, iko hai. Kama nyaya zako zote ni nyeusi tafuta mchoro wa pini 24 wa ATX, pini ya kuwashia ni namba 16. Ukiwa na mita pima njano, iwe kati ya 11.4 na 12.6, na nyekundu iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ila elewa kuwa kuzunguka feni sio cheti cha uzima, maana hapo haina mzigo. Na usiifungue hata kama wewe ni fundi wa redio, mle ndani kuna kapasita inayokaa na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Inashtuka sekunde moja halafu inazima

Feni zinanyanyuka kidogo, taa inamulika, pwaa, kimya. Hii mara nyingi ni pawa saplai inajilinda kwa sababu kuna shoti mahali. Kama umebadilisha bodi au kesi, hesabu zile nguzo ndogo za shaba zinazobeba bodi, nguzo ikikaa mahali ambapo bodi haina tundu, inagusa solda za chini ya bodi na kupiga shoti. Kama hukubadilisha bodi, inua kesi, itikise taratibu usikilize, skrubu iliyodondoka italia. Halafu toa kifaa kimoja kimoja ukiwasha kila mara: GPU kwanza, halafu diski, halafu RAM. Kile ambacho ukikitoa mshtuko unaisha ndicho cha kuchunguza.

Na hapa nina ombi kutoka moyoni. Kama umebadilisha pawa saplai yenye nyaya za kuchomoa, usitumie nyaya za ile ya zamani kwenye mpya, hata kama zinaingia vizuri. Upande wa kifaa konekta ni za aina moja dunia nzima, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, kwa hiyo unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Nimeona diski mbili zikifa kwa wakati mmoja hivyo, moja ilikuwa na picha za msiba wa baba wa mtu, na hakuna kilichopatikana.

Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza

Hapa ndipo wengi wanakwama.

Kwanza kebo ya monita. Ukishaweka GPU, kebo ichomekwe kwenye GPU, sio kwenye bodi. Na kama umebadilisha prosesa, ujue sio kila prosesa inaleta picha yenyewe: Ryzen 5 5600 haina picha, 5600G inayo, na zile za Intel zenye herufi F mwishoni hazina. Mtu ana 5600, kauza GPU yake akisubiri nyingine ifike, anachomeka HDMI kwenye bodi anasubiri picha. Haitakuja.

Pili, waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 4 au 8 unaoingia kona ya juu ya bodi karibu na prosesa. Ukiusahau feni zinazunguka kama kawaida na hakuna picha. Watu wanausahau kwa sababu umejificha nyuma ya hitisinki (kile chuma cha kupozea prosesa). Na usichanganye na ule wa GPU, unafanana kwa macho lakini wa GPU umegawanyika 6 na 2, na wa prosesa umegawanyika 4 na 4. GPU nayo kama ina tundu la umeme, lipe umeme, sloti peke yake inatoa wati 75 tu.

Tatu RAM, na hapa nenda polepole. Fungua vibanio vya pembeni, linganisha ule mkato wa chini na kile kijibonge cha kwenye sloti, weka vidole gumba viwili kwenye ncha mbili, sukuma upande mmoja halafu mwingine. Unatakiwa usikie "ta", halafu "ta". Ukisikia moja tu, upande wa pili haujaingia, na kwa jicho utaona imekaa sawa kabisa wakati imebaki nusu milimita. Bodi nyingi za siku hizi zina kibanio upande mmoja tu, huo usio na kibanio ndio unadanganya watu. Kama una vipande viwili kwenye sloti nne, weka ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Ikigoma jaribu kipande kimoja kimoja. Vumbi letu la kiangazi nalo linaingia kwenye sloti, hasa nyumba za barabara ya vumbi, lipulize. Zile shaba za RAM zikiwa na weusi, futa kwa kifutio cheupe cha penseli taratibu halafu pangusa na spiriti safi. Usitumie msasa, nimeona fundi akiutumia mbele yangu, ile dhahabu iliyopakwa juu yake ni nyembamba sana ikishatoka hairudi.

Kama umehamia DDR5 (kizazi kipya cha RAM), mara ya kwanza bodi inaweza kukaa giza dakika kadhaa ikijipima na RAM mpya. Subiri hata dakika 10 kabla hujagusa kitu, ukizima zima katikati inaanza upya kila mara.

Nne, futa kumbukumbu ya BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoamsha PC. Chomoa umeme, toa ile betri bapa ya CR2032, kaa dakika 5, rudisha. Bodi inasahau mipangilio ya kifaa cha zamani na inaanza upya.

Sasa niwaeleze ya yule dada wa Moshi. Anakaa Pasua, anaediti video za harusi, ana bodi ya B450 na Ryzen 5 2600, kazi zikaongezeka akaagiza Ryzen 5 5600 kutoka Dar. Akanipigia: "Kaka shikamoo, feni zinazunguka lakini giza." Nikamwambia rudisha ile ya zamani. Akarudisha. "Kaka, hata ya zamani giza vilevile, bodi si imekufa hii?" Nami nikiri kwa dakika moja nilikubaliana naye. Ila alikuwa na harusi mbili za kukabidhi, akapanda Coaster akaja nayo Arusha kaipakata magotini.

Tukaiweka mezani. Kwenye bodi kuna vitaa vinne vidogo vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha) na BOOT (kuanzisha Windows), bodi nyingi za sasa zinavyo na watu hawavitazami, kile kinachobaki kinawaka ndicho kinakwambia bodi imekwamia wapi. Chake kilibaki CPU. Nikamuuliza uliitoaje prosesa ya zamani? Akasema ilitoka yenyewe, alivuta hitisinki ikaja nayo, imeganda. Hapo nikaelewa. Prosesa za AM4 (soketi ya Ryzen hizi) pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti (ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki) ikikauka inashika kama gundi, ukivuta juu moja kwa moja prosesa inang'oka hata kama kile kijiti cha kufungia soketi kimefungwa. Tukaigeuza ile 2600 chini ya tochi ya simu. Ukiitazama kutoka juu pini zote zimenyooka. Ukiilaza usawa wa jicho ukatazama mistari, mstari wa pili kutoka ukingoni, pini mbili zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Tukazinyanyua kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza isiyo na risasi, unavisha pini ndani ya kitundu unainua kidogo, unatazama, unainua tena. Ilituchukua kama robo saa kwa pini mbili tu. Nikaishusha kwenye soketi, ikazama yenyewe bila kusukumwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, ikihitaji kusukumwa usisukume. Tukawasha. Picha ikaja.

Kwa hiyo ya zamani iligoma kwa sababu ya pini. Na mpya je? Bodi za B450 zilitoka 2018, prosesa za Ryzen 5000 zilianza kutoka Novemba 2020, bodi ilikuwa na BIOS ya kale, haikuwa inaijua 5600 hata kidogo. Kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza bodi yako kuna orodha ya prosesa zote inazokubali na toleo la BIOS ambalo kila moja inahitaji, isome kabla ya kununua, na usome pia kama kuna toleo la kati la kupitia kwanza. Tukapakua, tukaweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, tukaapdeti tukiwa na ile 2600 mle ndani. Matatizo mawili tofauti, dalili moja, na yote yalitokea kwenye kazi ile ile ya kubadilisha kifaa kimoja.

Kuhusu kuapdeti BIOS: umeme ukikatika katikati bodi inaweza isiamke tena. Tulifanya asubuhi, kwenye UPS yenye betri iliyojaa, na sikumruhusu mtu aguse ekstensheni. Kama bodi yako ina kitufe cha kuflashi nyuma, una bahati, hiyo inaapdeti hata bila prosesa.

Siku nyingine ukitaka kutoa hitisinki ya AM4, iwashe PC dakika 10 ifanye kazi nzito pesti ipate joto, zima, chomoa, halafu zungusha hitisinki kushoto na kulia taratibu mpaka iachie. Usivute juu. Kwa Intel za kisasa pini ziko kwenye soketi ya bodi, hizo ni laini zaidi, tazama kwa tochi kabla hujafunga.

Inaleta picha ila Windows haiji

Hapa umeshavuka mto, tulia. Ukiona inasema hakuna diski ya kuwashia, ingia kwenye BIOS uone kama diski inaonekana. Haionekani? Waya wa SATA (wa data wa diski) umelegea, au umeweka SSD ya M.2 (ile bapa inayopachikwa kwenye bodi yenyewe) kwenye sloti ambayo kwenye bodi nyingi inagawana njia na tundu moja au mawili ya SATA, ukiijaza matundu yale yanakufa. Hamishia waya tundu lingine. Inaonekana ila haianzi? Ulipofuta BIOS mpangilio ulirudi wa kiwandani, na kama Windows yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa MBR inabidi uwashe CSM tena, ule mpangilio wa BIOS unaokubali mtindo wa zamani.

Ukibadilisha prosesa kwenye AMD unaweza kukutana na maandishi kuhusu fTPM (hazina ya funguo za siri za PC) yanayokutaka ubonyeze Y au N. Usibonyeze Y kwa haraka. Y inafuta funguo zilizohifadhiwa humo, na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows) utadaiwa namba ya tarakimu 48, usipokuwa nayo data imekwenda. Kama bado hujabadilisha, sitisha BitLocker kwanza. Kama umeshabadilisha na huna uhakika, bonyeza N, na utafute ile namba kwenye akaunti yako ya Microsoft. Yule dada hakuwa na BitLocker, tukabonyeza Y, ikaendelea.

Inawaka vizuri, ukianza kazi inazima

Ikizima ndani ya dakika moja mbili, tazama hitisinki: karatasi ya plastiki ya chini imetolewa? Feni imechomekwa palipoandikwa CPU_FAN? Zile za Intel za kusukuma, miguu yote minne imelia?

Ikizima pale tu gemu au rendering inapoanza, soma lebo ya pawa saplai, na usisome ile namba kubwa ya juu. Tafuta mstari wa volti 12 uone ampia ngapi, zidisha kwa 12. Nimeshika moja imeandikwa 500W kubwa kabisa, mstari wa 12 una ampia 18, hiyo ni wati 216. GPU ya maana ikiamka hapo haitoshi. Na kuna kingine watu wa huku hawakidhanii: UPS. Wengi tuna zile ndogo za 650VA kwa ajili ya umeme unaocheza, hizo zinabeba kama wati 360 hivi, ulipokuwa na PC nyepesi ilitosha, umeongeza GPU na monita iko humo humo, inazidiwa inakata yenyewe. Ijaribu PC moja kwa moja ukutani kwa muda mfupi. Isipozima, umepata jibu.

Umefanya yote bado giza

Toa bodi kwenye kesi, iweke juu ya boksi lake la kadibodi, sio juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa kwa sababu nje yake unapitisha umeme. Baki na prosesa, hitisinki, kipande kimoja cha RAM, pawa saplai, na GPU kama prosesa haina picha. Washa kwa bisibisi. Ikiwaka, rudisha kitu kimoja kimoja mpaka kiovu kijitaje. Isipowaka, azima RAM na pawa saplai kutoka kwenye mashine unayojua ni nzima, ya rafiki au ya jirani, jaribu tena. Ikigoma na hapo, imebaki bodi au prosesa, na kati ya hizo mbili bodi hufa mara nyingi kuliko prosesa. Ibebe prosesa peke yake kwenye kasha lake la plastiki, mtafute mwenye bodi ya soketi hiyo hiyo na BIOS inayoikubali akupachikie dakika tano. Ikiwaka kwake, nunua bodi. Ikigoma kwake, rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na risiti, na umwonyeshe video ya jaribio ulilofanya.

Na kama bodi inatoka Dar kwa basi mwambie muuzaji aitume bila hitisinki kubwa wala GPU juu yake, ni zaidi ya kilomita 600 za mtikisiko, na uzito ule unaning'inia kwenye sloti njia nzima.